Kimevunjika au Kimevunjwa?

Katika shule nyingi za nchi zetu iko kanuni moja ya Kiingereza iandikwayo ubaoni kila mwaka, na watoto huinakili katika madaftari yao kama watu wanakilivyo amri ya serikali. Kanuni yenyewe yasema hivi: ukiona "is", au "are", au "was", au "were", na nyuma yake likafuata neno la safu ya tatu, basi hapo pana tendo la kutendwa, nawe umtafute aliyetenda. Sisi twasema wazi tangu mwanzo kwamba kanuni hii, kama ilivyo, si kweli, na kwamba mwalimu aiandikaye bila kuongeza neno juu yake awadhulumu watoto wa watu.

Kwa ajili ya wasomaji waliotoka shuleni zamani, na kwa wazazi ambao watoto wao husoma kwa sauti jioni penye taa, twaeleza kwanza jambo lenyewe. Maneno ya tendo ya Kiingereza hufundishwa kwa safu tatu: "break, broke, broken", "close, closed, closed", "write, wrote, written". Neno la safu ya tatu ni mtumishi wa mabwana wengi. Mara hufuata "have", likaonyesha kwamba tendo limekwisha kufanyika. Mara hufuata "be", likaonyesha kwamba kitu kimetendwa na mwingine. Na mara nyingi, nyingi kuliko vitabu vya shule vinavyokiri, huwa ni neno la sifa tu, kama "refu" au "baridi" au "tupu": laeleza kitu jinsi kilivyo, wala halina habari ya mtendaji ye yote. Kazi hii ya mwisho ndiyo iliyosahauliwa ubaoni.

Tutazame mfano wa duka. Mwingereza aweza kusema, "The shop was closed at six." Maneno ni hayo hayo, herufi ni hizo hizo, lakini maana ni mbili. Ya kwanza: duka lilifungwa saa 12, yaani ilipofika saa hiyo mwenye duka aliinuka, akatia komeo, akaenda zake. Ya pili: saa 12 duka lilikuwa limefungwa, yaani mtu aliyefika saa hiyo aliukuta mlango umekwisha kufungwa, labda tangu saa 9, labda tangu juzi. Katika maana ya kwanza "closed" ni tendo. Katika ya pili ni sifa. Angalieni jinsi Kiswahili kilivyozitenga maana hizi mbili bila taabu: "lilifungwa", na "lilikuwa limefungwa". Hapana mtu aliyekulia katika lugha hii awezaye kuzichanganya. Aliyetumwa chumvi jioni akarudi mikono mitupu aijua tofauti yake kwa tumbo.

Wala si watu wazima tu. Mtoto wa miaka 4 akiangusha kikombe, na mama akauliza kuna nini, hujibu upesi, "Mama, kikombe kimevunjika." Hasemi "nimekivunja", wala hasemi "kimevunjwa", maana ajua vema kwamba akisema hivyo swali la pili litakuwa "Na nani?" Na mama, kwa kuwa naye ni mwenye lugha, humwuliza papo hapo, "Kimevunjika, au umekivunja?" Katika maneno hayo machache ya jikoni imo sarufi yote ambayo mwalimu wa kidato cha pili aiona kuwa ngumu mno kuifundisha. Umbo la -wa lamtazama mtendaji hata kama hakutajwa. Umbo la -ka lakitazama kitu chenyewe na hali yake, likamwacha mtendaji nje ya mlango. Bibi E. O. Ashton, aliyetoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1944, alilipa umbo hili la -ka nafasi yake yenyewe, mbali na lile la kutendwa. Naye hakuwafundisha watoto wetu jambo hili. Aliliandika kwa kuwasikia waliokwisha kulijua.

Basi kwa nini mtoto mwenye mali hii afike katika somo la Kiingereza akaonekana maskini? Kwa sababu amekatazwa kuingia nayo. Juu ya mlango wa darasa pameandikwa kwamba hapa ni Kiingereza tu. Ziko shule ambazo mtoto aliyeteleza akasema neno la kwao alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho kama mwizi mpaka amkamate mwenziwe. Twafahamu kusudi la waliotunga desturi hiyo: walitaka watoto wazoee kusema. Lakini kuzoea kusema ni jambo moja, na kueleza maana ni jambo lingine. Mwalimu anayetaka kuonyesha tofauti ya "is broken" na "was broken by the child", akajinyima maneno "kimevunjika" na "kilivunjwa na mtoto", ni kama seremala aliyeiacha randa yake nyumbani akaja kulainisha ubao kwa kucha.

Na matokeo yake twayaona madaftarini. Kwa kuwa kanuni yasema "is" ni ya wakati uliopo, na neno la safu ya tatu ni la kutendwa, mtoto hufasiri "The cup is broken" kuwa "Kikombe kinavunjwa", kana kwamba pana mtu ameketi hapo na nyundo. Kisha huja lile zoezi la kugeuza: mtoto apewa kauli yenye "be" na neno la safu ya tatu, aambiwa amrudishe mtendaji mahali pake. "The teacher is tired" huwa "Somebody tires the teacher." "She is married" huwa "Somebody marries her." Lau mtoto angeulizwa kwa Kiswahili, angesema mwalimu amechoka, basi; hapana aliyemchosha ila jua na madaftari. Lakini ubaoni imeandikwa kwamba mtendaji yupo, naye mtoto, kwa utii, amtafuta. Tungependa kumwuliza mtunga zoezi: katika "an escaped prisoner" mtendaji ni nani? Mfungwa aliyetoroka hakutoroshwa na mtu. Alikwenda kwa miguu yake. Na "a fallen tree" ni mti ulioanguka, na "faded cloth" ni nguo iliyochujuka. Maneno yote matatu ni ya safu ya tatu, wala hata moja halina habari ya kutendwa. Kama safu ya tatu yenyewe ingekuwa ndiyo alama ya kutendwa, maneno haya yasingekuwako.

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni madogo, ni mambo ya alama moja au mbili katika mtihani. Sivyo. Katika Tanzania masomo ya sekondari husomwa kwa Kiingereza, na vitabu vya elimu ya viumbe na jiografia vimejaa maneno ya namna hii kila ukurasa. Kitabu chasema moyo wa mwanadamu "is divided into four chambers". Maana yake ni kwamba moyo umegawanyika vyumba 4. Ndivyo ulivyo tangu tumboni mwa mama. Mtoto aliyelishwa kanuni ya ubaoni asoma kwamba moyo unagawanywa, naye akaa akiwaza ni nani augawaye na kwa kisu gani. Kitabu chasema jani "is attached to the stem": limeshikamana na shina, hakuna aliyelibandika. Chasema mji fulani "is situated" mahali fulani, maana yake uko hapo. Tukisikia kwamba mtoto fulani ni mzito katika elimu ya viumbe, yafaa tuulize kwanza kama uzito ni wake au ni wa kanuni aliyobebeshwa katika chumba cha pili.

Tena jambo hili hutoka shuleni likaingia kijijini. Tunajua kijiji kimoja, hatutakitaja, kilicholetewa barua ya Kiingereza juu ya pampu ya kisima chao. Barua ilisema, "The pump is broken," na kwamba fundi angekuja. Kijana aliyeombwa kuisoma mbele ya mkutano alikuwa amefaulu Kiingereza chake kwa kanuni tunayoisema. Akasoma, "Pampu imevunjwa." Mkutano ukageuka. Wazee waliokuja kusikia habari za fundi wakaanza kuuliza habari za mvunjaji. Yakatajwa majina ya vijana waliozoea kuteka maji usiku. Mama mmoja akaondoka akilia kwa sababu ya mwanawe. Barua haikumshtaki mtu. Ilisema tu kwamba pampu imeharibika, kama vyombo viharibikavyo kwa kazi. Fundi alipokuja akabadili ngozi ya ndani iliyolika, akaenda zake. Lakini maneno yaliyosemwa katika mkutano ule hayakupata fundi.

Na fikirini mzee aliye na barua ya zamani ya kazi iliyoandikwa, "He was employed here in 1974." Je, aliajiriwa mwaka 1974, au mwaka 1974 alikuwa ameajiriwa, pengine tangu 1966? Kwa mzee adaiye malipo ya uzeeni, miaka 8 imejificha ndani ya neno moja. Karani aliyefundishwa kuona maana moja tu ataandika 1974 akafunga jalada. Karani aliyefundishwa kuziona maana mbili atauliza swali moja zaidi kabla ya kufunga.

Wako wasemao, "Lakini Kiingereza chenyewe hakitofautishi. Kama Waingereza wameridhika na umbo moja, sisi ni nani tulipasue?" Hoja hii hupendwa sana na watu wasioipenda kazi, nayo yafaa ijibiwe kwa kirefu kidogo, maana haina ukweli.

Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla Wanormandi hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na maneno mawili ya kusaidia hapa: liko lililokuwa na maana ya kuwa tu, na liko jingine, "weorthan", lililokuwa na maana ya kugeuka au kupata kuwa. Hatusemi kwamba kila mwandishi wa siku zile alizishika njia hizi mbili bila kuteleza. Lakini njia mbili zilikuwako. Katika karne zilizofuata "weorthan" likafa, mzigo wote ukaangukia "be". Wajerumani, ndugu wa lugha ile, walilihifadhi neno lao mpaka leo: duka linapofungwa husema "wird geschlossen", na duka lililokwisha kufungwa husema "ist geschlossen". Basi Mwingereza ni mtu aliyepoteza chombo kimoja cha nyumbani kwake. Aliyepoteza chombo hutafuta njia nyingine, naye alizitafuta.

Njia moja ni "being". Leo akitaka kusema nyumba inajengwa husema "The house is being built", na hapo hapana awezaye kudhani ni sifa. Usemi huu si wa zamani sana. Ulianza kuenea mwishoni mwa karne ya 18, na kabla yake watu walisema "The house is building". Katika karne ya 19 walikuwako wanasarufi wa huko walioupinga usemi mpya kwa ukali mwingi, wakauita mchafu. Haukufa, kwa sababu ulihitajiwa. Kwa hiyo ubao wetu ungepaswa kuwa na maneno matatu ya Kiswahili mbele ya "closed", wala si moja: "The shop is closed at six every day", hufungwa, "The shop is closed today", limefungwa, "The shop is being closed", linafungwa. Mtoto akiyaona matatu haya pamoja hana haja ya hotuba.

Njia nyingine ni sauti. Mtu mwenye elimu nyingi huitwa "a learned man", na neno hilo husemwa kwa mapigo mawili. Bali katika "he learned his lesson" husemwa kwa pigo moja. Ndivyo lilivyo "blessed" katika midomo ya Wakristo wengi wa Uingereza, na "aged" akitajwa mzee sana. Neno likiwa sifa limeshika mwendo wa zamani. Likiwa tendo limekwenda na wakati. Mahali pengine maneno yenyewe yameachana: meli "has sunk", lakini meli iliyokaa chini ya maji ni "a sunken ship", barafu "has melted", lakini chuma kilichoyeyuka ni "molten". Lugha isiyotofautisha isingejisumbua hivi.

Lakini njia tuipendayo kuliko zote ni ile silabi ndogo "un-". Kiingereza husema "The letter was unopened." Sasa mwambieni mshika kanuni amtafute mtendaji. Hapana tendo liitwalo "to unopen". Hapana mtu awezaye kukaa mezani akazifanya barua zisiwe zimefunguliwa. Neno hili laweza kuwa sifa tu. Na Kiswahili kinalo jibu lake zuri ajabu: barua ilikuwa haijafunguliwa. "Unpaid" ni haijalipwa, "unmarried" ni hajaolewa au hajaoa, "unwashed" ni hazijafuliwa. Ile "-ja-" yetu yabeba hali ya kitu kinachongoja. Hatujui namna bora ya kumwonyesha mtoto maana ya "un-" katika maneno haya kuliko hiyo, na kumnyima ni ukaidi mtupu. Walakini mwalimu aangalie: "un-" ya "untie" na "unlock" ni nyingine, ya kufungua kilichofungwa, nayo ina mtendaji wake. "The goat was untied" yaweza kuwa mbuzi alifunguliwa, au mbuzi alikuwa hajafungwa. Na mwenye mbuzi atataka kujua ni ipi.

Sasa twaja kwenye neno "by", ambalo wengi hulishika kama fimbo ya kipofu. Huambiwa: ukiona "by" ni la kutendwa, usipoliona si la kutendwa. Kweli husaidia mara nyingi, lakini si hakimu. Tanzania "is bordered by eight countries". "By" ipo, na nchi 8 zipo, lakini hapana tendo lililofanyika. Imepakana nazo tu. Na huku nyuma lugha yetu hututega, maana "na" yetu yafanya kazi nyingi mno. Sifa za Kiingereza zimechagua kila moja kiungo chake: "interested in", "covered with", "tired of", "married to". Mtoto wetu, ambaye kwake zote ni "na", huandika zote kwa "by". Basi huandika, "My sister is married by Yohana." Mwalimu hupiga mstari mwekundu, asieleze. Yafaa aeleze, maana kosa hili lina uchekeshaji wake: "She was married by the Bishop" ni Kiingereza safi kabisa, na maana yake ni kwamba Askofu ndiye aliyewafungisha ndoa. Msichana aliyeolewa na Yohana ni "married to", kwa sababu hapo "married" ni sifa, ni hali aliyo nayo leo na kesho. Aliyefungishwa ndoa na Askofu ni "married by", kwa sababu hilo ni tendo la siku moja, lililokwisha kabla ya pilau. Mtoto akiisha kucheka kwa jambo hili halisahau.

Wataalamu wa Kiingereza wenyewe hawana shaka kwamba mambo haya ni mawili. Thomas Wasow aliandika mwaka 1977 juu ya kuzitenga sifa na matendo katika maneno ya safu ya tatu, na Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, waliyapanga kama ngazi: juu matendo halisi ya kutendwa, chini sifa tupu, na katikati vipandio ambavyo mguu huweza kusimama huku au huku. Twakubali kwamba vipandio vya katikati vipo. Mtu akisema "I was surprised by the news", hata wataalamu hushindana. Lakini kuwako kwa alfajiri hakumzuii mtu kujua mchana na usiku, na mtoto wa kidato cha pili hahitaji kuamua habari ya alfajiri.

Wala hatusemi kwamba Kiswahili kitamtatulia kila kitu. Umbo la -ka lina maana mbili: "kimevunjika" ni hali, bali "chavunjika" huweza kuwa na maana ya kwamba ni rahisi kuvunja, nayo kwa Kiingereza ni "breakable". Tena matendo mengine hayazoei -ka. Hatusemi msichana "ameoleka". Hapo ndipo "alikuwa ame-" huja kusaidia: "aliolewa" ni siku ya harusi, "alikuwa ameolewa" ni hali. Na yako maneno yenye mwisho wa -wa yasiyo na mtendaji hata kidogo, kama kulewa na kuchelewa. Mwalimu ayataje kabla mtoto mjanja hajayataja. Lakini mwenye masikio ataona kwamba hata katika majina yetu tofauti hii imekaa tangu kale. Tendo ni moja, kutuma. Kwa -wa latoka neno "mtumwa", mtu aliye chini ya mkono wa mwingine, anayetumwa leo na kesho. Kwa -e latoka "mtume", aliyekwisha kutumwa, na kutumwa kwake kumekuwa cheo chake. Ndivyo na "mteule", aliyeteuliwa, na "kiumbe", kilichoumbwa. Babu zetu waliona kwamba kutendwa ni jambo moja, na kuwa na alama ya tendo ni lingine, wakayapa maneno mawili.

Na liko somo la jirani ambalo hutibika kwa dawa hii hii. Kila mwalimu amesoma katika daftari la mtoto, "I am boring", ilhali mtoto alitaka kusema amechoshwa na somo. Kwa kosa hilo amejitukana mwenyewe. Mpeni mtoto "chosha" na "choka": kazi yachosha, "tiring", mimi nimechoka, "tired". Mpeni "shangaza" na "shangaa", "kasirisha" na "kasirika". Kila jozi yasimama mbele ya jozi yake ya Kiingereza kama mtu na kivuli chake. Twaongeza kwa pembeni kwamba siku hizi kosa lile lile limeanza kurudi nyumbani: magazeti yatuambia mtu fulani "alishangazwa" na "alikasirishwa" mahali ambapo bibi zetu wangesema alishangaa, alikasirika. Tuliwafundisha watoto kwamba kila hali ina mtendaji, sasa wanaandika Kiswahili hivyo.

Limebaki neno la wale wasemao, "Wasahihishaji wa mtihani wataka kanuni fupi, na muda hautoshi." Kanuni fupi tutawapa. Mwalimu na aandike ubaoni "was closed", kisha aandike chini yake maneno mawili, "lilifungwa" na "lilikuwa limefungwa", aulize darasa ni lipi liingialo katika habari waliyoisoma. Likiingia la kwanza, ni tendo: wageuze kauli, wamtafute mtendaji. Likiingia la pili, ni sifa: waiache kauli kama ilivyo, wajaribu kuweka "seemed" au "remained" mahali pa "was" waone kama yakubali, maana "The shop remained closed" yakubali, na tendo halikubali hivyo. Kazi hii haimalizi dakika 10. Kisha wafungue kitabu cha elimu ya viumbe, ukurasa wo wote, watie mstari chini ya kila neno la safu ya tatu lililofuata "is" au "are", na mbele ya kila moja waandike kwa Kiswahili kama kitu hicho kinatendwa au ndivyo kilivyo. Waanze na moyo na vyumba vyake 4.